Saratani ya Tezi Dume: Nani Anakusindikiza Hospitalini?

Tangu aliyekuwa Rais wa Marekani, Joe Biden, atangaze mwezi Mei 2025 kwamba ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, ujumbe kuhusu ugonjwa huu umekuwa ukiingia kwenye simu ya studio kila wiki. Wengi wanauliza dalili. Wengine wanauliza kama ni kweli kipimo ni kile cha kidole tu. (Kipo pia cha damu kinachoitwa PSA, tumekieleza hewani mara nyingi.) Lakini kuna ujumbe mmoja uliotufanya tutulie kabla ya kujibu. Haukuwa na jina: "Na mwanaume asiye na mke, na hataki kusema kwa nini hana mke, akipata ugonjwa huu nani anamsaidia?"

Hatukuusoma hewani jioni ile kwa sababu saa hiyo watoto wanasikiliza pia. Tunaujibu hapa kwa maandishi, ili kila mmoja asome kwenye simu yake kwa nafasi yake.

Jibu linatupeleka mbali kwanza, Australia, Marekani na Uingereza. Huko ndiko wanaume wenye wapenzi wa kiume wamekubali kukaa na watafiti na kueleza waziwazi maisha yao baada ya kutibiwa tezi dume. Tunajua kutaja watu hawa kunawasha moto kwenye vijiwe vyetu. Mjadala wa dini na siasa una vipindi vyake na wasemaji wake. Hapa tunamzungumzia mgonjwa.

Tuanze na tezi yenyewe. Ni kiungo kidogo, kama ndimu changa, kimekaa chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya njia ya haja kubwa. Mrija wa mkojo umepita katikati yake. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mishipa ya fahamu inayomwezesha mwanaume kusimamisha imepita pembeni mwake, karibu kabisa.

Ukishaijua ramani hiyo, utaelewa kwa nini tiba inaweza kumsumbua mtu hata baada ya kidonda kufunga. Daktari akiiondoa tezi kwa upasuaji, mkojo unaweza kuvuja kwa wiki au miezi, na nguvu za kiume zikapungua au zikaondoka. Akitumia mionzi, njia ya haja kubwa iliyo nyuma yake inaweza kuungua kidogo, mtu akaharisha, akaona damu, au akabanwa na haja ya ghafla akiwa ndani ya matatu. Akizima homoni ya kiume, kwa sindano au kwa kuondoa korodani kama inavyofanyika katika hospitali nyingi za Afrika kwa sababu ya gharama, mwanaume hupata joto la ghafla mwilini, matiti huvimba, mwili hunenepa, hamu huisha na moyo huwa mzito.

Kwa hiyo wataalamu hawahesabu tu nani amepona na nani amefariki. Wanapima pia mtu anaishije baada ya hapo. Moja ya fomu za maswali zinazotumika sana inaitwa EPIC, na ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Inauliza kuhusu mkojo, haja kubwa, homoni na tendo la ndoa.

Hapo kwenye tendo la ndoa tusimame kidogo. Hata Kiswahili chetu kimeshamwoza mgonjwa kabla hajafungua mdomo! Fomu nyingi za hospitali duniani zimeandikwa kwa mtazamo huo huo, kwamba aliyeketi mbele ya daktari ni mume, nyumbani yupo mke, na tatizo likiwepo ni la mume kushindwa kumwendea mkewe. Kwa wagonjwa wengi ndivyo ilivyo. Mwanaume mwenye mpenzi wa kiume anaikuta fomu haimhusu.

Tuliseme kwa adabu. Kuna wanaume ambao katika mahusiano yao wao ndio wanaoingiliwa. Kwa hao, tezi dume ni mahali penye hisia, na ikiondolewa wanapoteza kitu ambacho fomu haikuuliza. Madhara ya mionzi kwenye njia ya haja kubwa, ambayo mgonjwa mwingine anayahesabu kuwa shida ya chooni, kwao ni shida ya chumbani pia. Swali la kawaida la daktari, "Je, unaweza kusimamisha?", linaweza kujibiwa "Ndiyo, naweza," faili likafungwa, na mgonjwa akarudi nyumbani na tatizo lake lote.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia wakiongozwa na Profesa Jane Ussher walichapisha ulinganisho wa makundi mawili ya wanaume waliotibiwa saratani hii. Kundi moja lilikuwa la wanaume 124 wenye mahusiano na wanaume, au na jinsia zote mbili. La pili lilikuwa la wanaume 225 wenye mahusiano na wanawake. Kundi la kwanza lilikuwa na hali ya maisha ya chini zaidi na msongo wa mawazo mkubwa zaidi. Lilijiona limepungukiwa zaidi kiume, na halikuridhika na matibabu kama lile la pili.

Lakini kuna jambo ambalo mtu asingelitarajia. Kwa uwezo wa kimwili wa tendo lenyewe, kundi hilo la kwanza lilikuwa na hali nzuri kuliko la pili. Yaani mwili ulikuwa unafanya kazi zaidi, na bado moyo uliumia zaidi. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mwanaume wa aina hiyo yuko hivyo. Lakini sisi tukiyasoma matokeo haya tunaona kwamba maumivu hayatoki kwenye kisu na mionzi pekee. Yanatoka pia kwa mtu anayekuhudumia huku akizungumza na mgonjwa mwingine aliyemo kichwani mwake.

Marekani nako, Profesa Simon Rosser wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake wamefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, katika utafiti walioupa jina Restore. Waliwahoji wanaume kupitia intaneti, wengi wakipatikana kwa msaada wa Malecare, shirika la wagonjwa lenye makao New York. Waligundua kwamba fomu za zamani haziwatoshi watu hawa, wakatengeneza fomu mpya ya maswali kwa ajili yao. Kisha wakajaribu mafunzo ya kurejesha afya ya mwili na ya mahusiano, ambayo mgonjwa anayapata kwenye kompyuta akiwa nyumbani. Kwa mtu anayeona aibu kukaa ukumbini na wanaume wengine kumi na wake zao, hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye swali la msikilizaji, nani anamsaidia?

Saratani ya tezi dume huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na wengi ni wa miaka 60 au 70. Hesabu miaka hiyo kurudi nyuma. Mwanaume wa San Francisco au Sydney mwenye miaka 70 leo alikuwa kijana wakati UKIMWI ulipoingia miaka ya themanini. Wapo waliozika marafiki kumi, ishirini, wengine karibu wote waliokuwa wakicheka nao. Nasi tunajua kizazi kilichopukutika kinaachaje nyumba. Wengi wao hawana watoto. Ndugu wengine waliwakataa zamani. Kwa hiyo siku ya kuvaa mpira wa mkojo na kurudishwa nyumbani, anayekuja kumchukua huwa ni rafiki, jirani, au mpenzi wa zamani ambaye hospitali haina nafasi ya kumwandika kwenye faili.

Kwa miaka mingi hata mpenzi wa sasa hakuwa na nafasi hiyo. Mwezi Aprili 2010 Rais Barack Obama aliagiza hospitali za Marekani zinazopokea fedha za bima za serikali zimruhusu mgonjwa kuchagua mwenyewe nani amtembelee. Kabla ya hapo watu walifungiwa mlango wa wodi kwa maelezo kwamba "si ndugu". Ndoa za jinsia moja ziliruhusiwa Marekani nzima mwaka 2015 na Australia mwaka 2017. Sheria ikaondoa kizuizi mlangoni. Fomu za maswali zikachelewa kuifuata.

Lipo jambo jingine ambalo hata madaktari wa huko huwa wanalisahau. Katika nyumba ya wanaume wawili kuna tezi dume mbili. Wakizeeka pamoja, uwezekano wa ugonjwa huu kupiga hodi ni mara mbili. Kuna nyumba ambamo aliyekuwa akimfulia mwenzake mashuka yaliyolowa mkojo amekuja kuambiwa na daktari kwamba naye anao.

Anayeongea anasaidia wengine. Mwezi Februari 2018 mwigizaji na mwandishi wa Uingereza Stephen Fry, ambaye ameoana na mwanaume tangu 2015, alirekodi video akaeleza kwamba amefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Hakuficha ugonjwa wala hakumficha mwenzake. Katika miezi iliyofuata wanaume wengi zaidi wa Uingereza walijitokeza kupimwa na kutibiwa, na mkuu wa huduma za afya wa wakati huo alimshukuru yeye pamoja na mtangazaji Bill Turnbull, ambaye naye alitangaza ugonjwa huo huo. Wengi wa waliojitokeza ni waume wa wanawake, na walisaidiwa na mtu ambaye pengine wasingemkaribisha kwao chai.

Fry ana jina na ana fedha. Kunyamaza kunawapata hata wenye vyeo. Aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, mwanaume mweusi na mume wa mke, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume tarehe 22 Desemba 2023. Alirudishwa hospitalini siku ya mwaka mpya kwa matatizo yaliyofuata, na Rais wake, ambaye ni Biden huyo huyo, hakujua kuwa ni saratani hadi tarehe 9 Januari. Baadaye Austin aliomba radhi hadharani, akataja jinsi habari hizi zinavyowatikisa wanaume weusi. Kama waziri wa majeshi makubwa namna hiyo alishindwa kumwambia bosi wake, tusimshangae fundi wa baiskeli anayekaa na maumivu ya mgongo mwaka mzima.

Na wanaume weusi tuna sababu ya ziada. Nchini Uingereza mwanaume mmoja kati ya 8 hupata saratani hii maishani mwake. Kwa wanaume weusi wa huko ni mmoja kati ya 4. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo itakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo mambo haya yako kwetu pia, na ndani ya idadi hiyo wamo wanaume wa kila aina.

Hapa kwetu mwandishi wa ule ujumbe ana mzigo ambao mwenzake wa Sydney hana. Nchini Kenya, kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu hadi miaka 14 kwa tendo lenyewe, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania adhabu inafika kifungo cha maisha. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya huko iliibakiza sehemu kubwa, ila ilifuta kifungu kilichomlazimu kila mtu, daktari akiwemo, kumripoti mtu wa aina hiyo. Hata majaji walioikubali sheria waliona hatari ya kumgeuza muuguzi kuwa mpelelezi.

Mgonjwa aliye katika hali hiyo hufanya nini? Hudanganya. Au huja na mke, kwa maana wengi kwetu wana wake na watoto, na mke huyo akaitwa kwenye ushauri, akaelezwa kila kitu isipokuwa kile kinachomkosesha mumewe usingizi. Daktari naye hufanya kazi na habari nusu. Katika matibabu ya saratani habari nusu ina bei, na tutaje mifano michache.

Kipimo cha PSA hupanda kwa muda tezi ikisukumwa au ikitumika. Ndiyo maana watu huambiwa wasitoe manii kwa siku mbili kabla ya kutolewa damu, na wasiendeshe baiskeli mwendo mrefu. (Wauza maziwa, hiyo ni yenu.) Mwanaume anayeingiliwa naye tezi yake husukumwa, na majibu yanaweza kumtisha bure. Baada ya upasuaji au mionzi kuna kipindi cha kusubiri hadi njia ya nyuma ipone, na mtu asipoambiwa anaweza kujiumiza vibaya. Pale inapotumika mionzi ya vipande vidogo vinavyopandikizwa ndani ya tezi, kuna muda ambao hata mwenzake wa karibu anapaswa kujihadhari.

Kisha dawa. Vidonge vya kurejesha nguvu, vya jamii ya sildenafil, haviendi pamoja na dawa za moyo za aina ya nitrati. Haviendi pia na kile kimiminika cha kunusa kinachoitwa poppers, kinachotumiwa na baadhi ya watu kwenye mapenzi, kwani presha inaweza kushuka ghafla na mtu akafa. Anayetumia ARV zenye ritonavir, awe mwanaume wa namna gani, anahitaji kipimo kidogo sana cha sildenafil kwa sababu ritonavir huifanya ijae mwilini. Na dawa moja ya saratani ya tezi dume, enzalutamidi, inaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya ARV. Daktari asipojua unachomeza na unachonusa, anakuandikia dawa gizani.

Tukizungumza hivi tunawakumbuka pia wengine ambao fomu ile ile inawasahau. Mzee mwenye wake wawili anaambiwa "njoo na mkeo", naye anajua akimchagua mmoja amezua vita nyumbani. Mgane aliyezika mkewe miaka sita iliyopita anaulizwa habari za ndoa. Padre anaulizwa, au haulizwi kabisa, kana kwamba yeye mkojo wake hauvuji na usiku wake hauna upweke. Mwanaume aliye Dubai kwenye mkataba wa kazi anatibiwa huko peke yake, akituma pesa nyumbani na kusema yuko salama. Swali "Nani anaishi nawe, na nani ungependa tumweleze?" lingewatosha hawa wote, na yule wa ujumbe wa studio pia, bila yeyote kulazimika kujieleza zaidi ya anavyotaka.

Afrika tumewahi kuwa na mtu aliyezungumza mambo haya mawili bila kuona haya. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997, akasema wazi, akatibiwa mara kadhaa, akaishi nayo hadi alipofariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Katika miaka hiyo hiyo alisimama waziwazi kuwatetea watu wa mapenzi ya jinsia moja wasinyanyaswe. Wapo waliompenda kwa la kwanza na kumkasirikia kwa la pili. Miaka yake zaidi ya 20 na ugonjwa huo ni jibu kwa kila anayedhani kusikia jina lake ni kusikia hukumu ya kifo.

Kwa aliyetuandikia, na kwa mwingine yeyote anayesoma akiwa peke yake. Hulazimiki kumwambia daktari kila kitu siku ya kwanza. Anza na usiri. Kenya ina Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na kifungu chake cha 11 kinasema habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa kwa idhini yako, kwa amri ya mahakama au sheria, au pale afya ya umma inapokuwa hatarini. Unaweza kumuuliza daktari kabla ya kumwambia lolote: "Nikikueleza mambo yangu ya ndani, yanaandikwa kwenye faili? Nani mwingine analisoma?" Jibu lake litakuonyesha kama uendelee.

Unaweza pia kuuliza mambo yenyewe bila kumtaja mtu: "Mionzi hii itaathiri vipi njia yangu ya nyuma, na nisubiri muda gani kabla chochote hakijapita hapo?" Au: "Kati ya upasuaji na mionzi, ipi itaniachia hisia zaidi?" Daktari mzuri atajibu bila kuchimba. Mkojo ukivuja, omba kufundishwa mazoezi ya kubana misuli ya chini, ile unayotumia ukitaka kukata mkojo katikati. Hayana gharama, na yanafanyika hata ukiwa umekaa kanisani au msikitini bila mtu kujua. Na wakikuuliza jina la mtu wa kupigiwa simu, andika jina la yule atakayekuja kweli, awe rafiki, binamu au jirani. Kwenye nafasi ya uhusiano unaweza kuandika "ndugu".